Ukatili dhidi ya mabinti wanaouza barabarani na sokoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa mabinti wanaotafuta riziki Kariakoo, Ilala, Temeke na Mbagala: wa matunda ya sinia, wa kahawa na kashata, wasaidizi wa mama lishe, wanaopanga mitumba chini. Mengine yanatoka kwa mama zao, wenzao wa kiume na viongozi wa masoko. Nayajibu kama msaidizi wa sheria. Majibu yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake.

## Mambo ya msingi

1. Ukatili ni nini hasa? Mimi nilijua ni kupigwa tu.

Kupigwa ni sehemu moja. Kushikwa makalio au kifua ni ukatili. Kutukanwa matusi ya nguoni mbele ya wateja ni ukatili. Kukatazwa kupanga bidhaa mpaka ukubali kutoka na mtu ni ukatili, na ni rushwa pia (tazama swali la 9). Kunyimwa hela ya chakula ulichokwisha kupeleka kwa sababu umekataa namba ya simu, nako ni ukatili.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, kinasema anayemsumbua mwenzake kingono kwa maneno au kwa vitendo ametenda kosa. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru alipe fidia. Zingatia hapo kwenye maneno: si lazima awe amekugusa.

2. Wanaofanya haya ni akina nani?

Mara nyingi ni watu mnaofahamiana kwa sura: mteja wa kila siku, kijana wa meza ya jirani, mbeba mizigo, konda, dereva wa bodaboda anayekupeleka asubuhi, mwenye mzigo unaouza, anayekusanya ushuru. Ndiyo maana tahadhari ya "usiongee na watu usiowajua" haimsaidii sana muuzaji. Na wanawake wapo pia. Kuna wanaomtukana binti mgeni ili ahame kijiwe, na kuna mama mwenye genge anayemtuma msaidizi wake apeleke chakula mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kukanyaga.

3. Watu wanasema tunajitakia kwa mavazi na kuchekacheka na wateja. Ni kweli?

Hapana. Wa dera anashikwa, wa baibui anashikwa, na wa aproni iliyojaa masizi ya jiko anashikwa. Ukiwasikiliza mabinti wengi utaona wanalingana kwa mambo mengine kabisa. Mwenye sinia kichwani mikono yake ina kazi. Aliyepanga chini hawezi kuondoka akaacha mali. Na wote wanahitaji hela ya siku hiyo, hiyo hiyo. Anayewashika anayajua hayo matatu, na ndiyo anayoyatumia.

Nasisitiza kwa sababu ukikosea hapa, kinga yote inakosewa. Tukiamini tatizo ni mavazi, tutamhimiza binti abadilishe nguo na tumwache palepale, na mtu yuleyule, na deni lilelile. Tukielewa kuwa tatizo ni nani ameshika nafasi, mzigo na hela yake, tutajua pa kuanzia.

4. Mteja akinitania nikanuna, nitapoteza biashara. Sasa nifanyeje?

Hofu hiyo ni ya kweli, na anayekuambia "mpotezee tu" hajawahi kurudi nyumbani na sinia la matunda yaliyoanza kuoza. Utani upo katika biashara yetu na wateja wazuri wanautumia vizuri. Kipimo ni kimoja: ukisema hapana, anaacha?

Chukua kisa kinachosimuliwa sana. Kijana ananunua kipande cha tikiti, anatoa noti ya elfu kumi, na unapompa chenji anashika kiganja haachii: "Baki nayo, niambie unaishi wapi." Wauzaji wazoefu wanafanya hivi: chenji wanaiweka juu ya meza au kwenye sinia, si mkononi mwa mtu, na wanasema kwa sauti ya kusikika na jirani, "Kaka, chenji yako hiyo hapo, asante." Sauti ndiyo kinga. Maneno ya adabu yanayosikika na watu watano yana nguvu kuliko tusi la chinichini, na hakuna atakayesema umemkosea mteja heshima.

## Kujikinga kazini

5. Napeleka chakula gereji na madukani. Wapi pa kuwa makini zaidi?

Wakati wa kufuata vyombo. Mchana ukipeleka sahani watu wamejaa na wana njaa. Saa kumi ukirudi, wengi wameondoka, na anayekutaka uingie "huko ndani kabisa, sahani ipo stoo" anajua hilo.

Mnaweza kuweka utaratibu na bosi wako mama lishe: chakula kinaishia mlangoni, vyombo vinarudishwa mlangoni. Uwe utaratibu wa genge zima, utangazwe na mama mwenyewe, usionekane ni maringo ya binti mmoja. Vyombo mkavifuate wawili wawili. Sahani ikibaki, ibaki, itapatikana kesho. Mama anayemkata msaidizi mshahara kwa sahani aliyoogopa kuifuata anamsukuma kwenye hatari kwa mkono wake.

6. Natembeza mayai na karanga kwenye baa mpaka usiku. Niache?

Siwezi kukuambia uache kazi inayolipa kodi ya chumba. Ila usitembeze peke yako: mgawane mtaa mkiwa wawili, kila mmoja aone mwenzake alipo. Zungukia meza za wazi, usiingie vyumba vya ndani wala kwenye gari la mteja hata kama anasema hela iko humo. Jitambulishe kwa wahudumu na walinzi wa baa, maana mhudumu ndiye anayejua mapema ni meza gani imeharibika. Usafiri wa kurudi upangwe kabla hujaanza kuuza, na bodaboda awe mmoja mnayemfahamu wote, anayejua kwamba mwenzako ana namba yake.

Kama hujafika miaka 18, nenda swali la 15.

7. Nachukua mzigo mali kauli. Mwenye mzigo ameanza kunitaka. Nimkatae vipi wakati nadaiwa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na linaulizwa sana. Mali kauli inakwenda kwa kuaminiana: unachukua nguo au vyombo asubuhi, unarejesha hela jioni. Hakuna karatasi. Kwa hiyo siku anapokutaka, yeye ndiye mwenye hesabu, na anaweza kusema deni lako ni lolote.

Anza na hesabu kabla ya jambo lingine. Daftari la shilingi mia chache linatosha: tarehe, aina ya mzigo, idadi, bei, kilicholipwa, na saini yake kila mnapomalizana. Akikataa kusaini, mtumie ujumbe wa simu kila jioni: "Bosi, leo nimerejesha 18,000, imebaki 6,000." Akijibu "sawa", umepata ushahidi. Rejesho lipite kwenye simu inapowezekana ili miamala ibaki.

Pili, usiwe na mwenye mzigo mmoja. Wawili au watatu, hata kwa kiasi kidogo kidogo, wanakupa pa kukimbilia. Tatu, deni ni deni, linalipwa kwa hela. Akikutishia kukupeleka polisi kwa kukataa kulala naye, ujumbe wake wa vitisho uhifadhi, kwa kuwa mwenye kesi hapo ni yeye.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, inaleta mtego uleule, na mara nyingi inakopwa ili kulipa mali kauli. Kabla ya kufika huko, ulizieni kwenye kata yenu kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Haina riba, na mgawo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inataka kikundi na subira. Kijumbe au kikoba cha watu mnaoaminiana kinafika haraka zaidi.

8. Wateja wakilipa kwa simu wanabaki na namba yangu, usiku wananisumbua.

Sajili Lipa Namba. Mteja anaona jina la biashara na namba ya malipo, si namba yako ya kupigiwa. Ukishindwa, tumia laini ya pili ya kazi, izime ukifunga biashara. Ujumbe wa matusi au picha za uchi usiufute kwa hasira: upige picha ya skrini yenye namba na tarehe, ndipo umzuie mtumaji.

## Viongozi wa soko, mgambo na askari wa jiji

9. Kiongozi anataka ngono ndiyo anipe kizimba au asinifukuze barabarani. Nimpeleke wapi?

TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamhusu mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Kudai kwenyewe ni kosa, hata kama hukukubali. Piga 113, ni bure.

Usimkabili peke yako ofisini ukiwa na hasira. Nenda TAKUKURU mapema, kabla hajajua kwamba umesema. Ujumbe wake wa simu uache kama ulivyo.

10. Mgambo wana haki ya kunipiga au kunishika wakati wa kuondoa wamachinga?

Hawana. Tangu Oktoba 2021, wamachinga wa Dar es Salaam walipoanza kuhamishwa kwenye maeneo yasiyoruhusiwa, swali hili limekuwa la kila wiki. Wanaweza kukuondoa mahali palipokatazwa, na sheria ndogo za halmashauri zinaweza kukutoza faini. Kupiga, kutukana, kuvuta nguo na kupapasa havimo. Nguvu inayoruhusiwa wakati wa kukamata ni ile tu ya lazima, na mwanamke anapekuliwa na mwanamke, kwa staha.

Wakichukua bidhaa, omba maandishi ya walichochukua na kinapopelekwa. Kumbuka namba ya gari, sare, saa na mahali. Mwenzako apige picha akiwa mbali kidogo. Usikimbilie barabarani kuokoa sinia. Watu wameumia hivyo.

11. Nina kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Kinanilinda?

Kinakutambulisha, na hilo lina faida. Vile vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 viliwapunguzia wengi usumbufu wa ushuru wa kila siku. Hakikupi ruhusa ya kupanga popote. Na asiye nacho pia haruhusiwi kuguswa, sawa na mwenye nacho.

## Likishatokea

12. Nimebakwa, au kuna mtu amebakwa. Nianze na nini?

Hospitali. Saa zina maana kubwa hapa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinatumiwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinafanya kazi mpaka siku 5, nazo mapema ni bora zaidi.

Kabla ya kupimwa usioge, usifue, usibadilishe nguo. Kama umebadilisha, nguo zile ziweke kwenye mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki. Kama umeshaoga, nenda vilevile. Matibabu hayakuhukumu kwa hilo.

Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja, kwa hiyo husimulii kisa chako kila mlango. Amana, Ilala, kipo. Ukifika hospitali au kituo cha polisi, omba PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza. Ni bure. Anayekuomba hela ya PF3 anaomba rushwa.

Nenda na mtu. Shangazi, jirani wa meza, mama lishe wako, yeyote atakayekushika mkono akanyamaza pale panapohitaji kunyamazwa.

13. Na kama nimeshikwa au nimetukanwa tu, polisi watanisikiliza?

Uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Liko kwenye vituo vingi vya polisi na askari wake wamefundishwa mashauri haya. Ukikatishwa tamaa mapokezi, mwambie askari kwa utulivu: "Naomba kupelekwa Dawati la Jinsia." Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Angalia muda. Malalamiko ya usumbufu wa kingono chini ya kifungu cha 138D yanatakiwa yaletwe ndani ya siku 60 tangu tukio. Wengi wanangoja mpaka mtu arudie mara ya tatu au ya nne, na la kwanza linakuwa limeshapitwa. Muda huo haugusi ubakaji wala kosa la kupiga na kujeruhi; hayo peleka hata kama umechelewa.

"Sina shahidi" ni neno ninalosikia sana. Sokoni mashahidi hawakosekani, wanaokosekana ni waliokubali kusema. Siku ileile, kabla kumbukumbu hazijapoa, andika nani alikuwa meza ipi, maneno gani yalisemwa, saa ngapi. Aliyekuona ukilia dakika kumi baadaye naye ni shahidi wa alichokiona.

14. Familia yake inataka tumalizane kwa fidia. Mama anasema tupokee.

Kama ni ubakaji, hilo si jambo la kumalizana ukumbini kwa mjumbe. Ni jinai, na mshitaki ni Jamhuri. Namuelewa mama anayewaza kodi ya mwezi na macho ya mtaa, na simlaumu. Lakini mtu aliyelipa akaachwa anarudi kwenye soko lilelile, na anajua sasa bei yake. Fidia inaweza kuamriwa na mahakama pamoja na kifungo. Msaada wa kisheria upo bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya kata au afisa ustawi wa jamii atakuelekeza.

## Hali zenye utata

15. Jirani anamtuma binti wa miaka 13 kuuza ndizi usiku. Niingilie?

Ndiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 tu, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Huyo amevunjiwa sheria mara mbili. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au mwone afisa ustawi wa jamii. Wakati mwingine anayemtuma ni bibi asiye na kipato kingine, na hapo msaada unahitajika kwa wote wawili. Wengi wa mabinti hawa waliletwa mjini kama wasichana wa kazi na hawajui hata pa kurudi. Muulize taratibu, si mbele ya anayemtuma.

16. Anayenipiga ni mume wangu, na anachukua mauzo yote. Hili nalo linahusu sokoni?

Linahusu sana, kwa kuwa mtaji ukiisha unarudi kwenye mali kauli na kausha damu (swali la 7). Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na mke ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Mtaji usiutunze wote nyumbani: sehemu ikae kwenye kikundi au kwenye laini ambayo namba yake ya siri unaijua wewe tu. Njia ya polisi ni ileile ya swali la 13.

17. Mimi ni mwanaume, nauza hapo hapo. Naogopa kuonekana najipendekeza.

Huhitaji ugomvi. Mwite binti kwa jina, "Dada, njoo unisaidie chenji hapa," umtoe alipobanwa. Kisha mwambie rafiki yako pembeni, mkiwa wawili, kwamba ulichokiona si sawa. Kijana anamsikia mwenzake wa kijiweni kuliko anavyotusikia sisi wa semina. Na ukiitwa kuwa shahidi, nenda.

18. Soko letu halina utaratibu wowote. Tuanzie wapi?

Kuna mfano wa hapahapa. Katikati ya miaka ya 2010 shirika la Equality for Growth lilifanya kampeni ya Mpe Riziki Si Matusi kwenye masoko ya Ilala, Mchikichini likiwemo. Wauzaji wenyewe walifundishwa sheria wakawa wasaidizi wa wenzao, na masoko yakaandika miongozo yenye adhabu kwa matusi na kushikana. Wanaume walikuwamo tangu mwanzo, jambo ambalo naliona lilikuwa la maana kuliko mabango.

Mnachohitaji ni mkutano wa soko wenye mahudhurio na muhtasari uliosainiwa. Andikeni mambo machache yanayotekelezeka: matusi ya kingono faini kiasi gani na inaingia mfuko gani, anayerudia anasimamishwa siku ngapi, malalamiko yanapokelewa na nani. Wapokeaji wawe wawili, angalau mmoja mwanamke, na wasiwe wanakusanya ushuru. Makosa ya jinai hayaishii kwenye faini ya soko, hilo liandikwe wazi. Nakala ibandikwe chooni na kwenye lango, na nyingine ipelekwe kwa mtendaji wa kata na kwenye kamati ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) ya eneo lenu.

Taa na choo viingie kwenye ajenda ileile. Choo kisicho na komeo, kilicho nyuma ya soko pasipo taa, kimetajwa na mabinti wengi kuliko kona yoyote. Soko linatoza hela ya choo kila siku. Komeo linunuliwe kwa hela hiyo.

19. Aliyenifanyia ndiye mwenyekiti wa soko. Faini ataipanga nani?

Usipitie sokoni. Nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia, au TAKUKURU kama alidai ngono kwa kizimba, na barua nyingine kwa afisa biashara au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ombeni muwe wengi: mara nyingi mwenyekiti wa namna hiyo hajamfanyia mmoja, na mabinti wawili wakiingia ofisini pamoja hakuna atakayewaambia wamekosana naye kwa sababu ya meza.